Kumwuzia Mtu Asichokiona

Biashara nyingi za ulimwengu hufanyika mbele ya macho. Mtu aendaye mnadani kununua ng'ombe humtazama meno, humpapasa mgongo, humtembeza hatua kumi ili aone kama hachechemei. Anunuaye mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wa Singida umesifika kwayo, huyanusa, huyaonja kwa ncha ya kidole, huinua chupa juani aone kama yana mashapo. Akidanganyika baada ya hayo, twaweza kusema ya kuwa sehemu ya kosa ni yake, maana alipewa nafasi ya kuona. Lakini iko biashara nyingine ambayo macho ya mnunuzi hayafui dafu. Tabibu huuza dawa ya ugonjwa uliojificha ndani ya mwili. Wakili huuza maarifa ya sheria ambazo mteja wake hakuzisoma. Na fundi wa nyumba huuza matengenezo ya kitu kilicho chini ya sakafu, mahali ambapo mwenye nyumba hajapata kupaona tangu siku zege lilipomwagwa, wala hatapaona mpaka sakafu ivunjwe. Juu ya tabibu na wakili mengi yamekwisha kuandikwa. Mimi nataka kusema juu ya huyu wa tatu, ambaye hutazamwa kama mtu wa vumbi na mwiko tu, asiye na jambo la kuwafikirisha wenye hekima.

Swali lenyewe ni hili. Sakafu ya nyumba ikiwa imezama au imepasuka, fundi au mkandarasi ajuaye kuiinua afanyeje ili mwenye nyumba akubali kununua kazi yake, na ushawishi huo ukome wapi? Ushawishi ni halali. Asiyetangaza kazi yake hulala njaa pamoja na watoto wake. Walakini mwenye nyumba hajui, na fundi anajua. Ajuaye ana deni gani kwa asiyejua, hasa pale ambapo ujinga wa mmoja ni riziki ya mwingine?

Hatuwezi kulijibu swali hili kabla ya kuijua sakafu yenyewe. Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba ni kitu kimoja, na sehemu yake moja ikishuka basi nyumba nzima inashuka. Sivyo. Katika nyumba za tofali na saruji zijengwazo Singida mjini, Manyoni, Kiomboi na kwingineko, ukuta husimama juu ya msingi, lakini sakafu aghalabu haisimami juu ya msingi. Sakafu hulala juu ya kifusi kilichojazwa katikati ya kuta kama uji katika bakuli. Kifusi kikiwa kimemwagwa kwa tabaka nyembamba, kikanyweshwa maji na kushindiliwa tabaka baada ya tabaka, sakafu hudumu. Kikiwa kimetupwa kwa siku moja, pamoja na mizizi, majani na mabonge, kisha kikasawazishwa juu kwa koleo ili zege limwagwe kesho yake, basi kitaendelea kujishindilia chenyewe kwa miaka, kidogo kidogo, nayo sakafu itabaki imelala juu ya hewa. Hapo ndipo mguu ukipiga husikika sauti ya ngoma. Siku moja kabati zito au gunia la mpunga huwekwa mahali pale, na ufa huzaliwa.

Kisha iko ardhi ya Singida yenyewe. Mgeni aingiaye mjini huyaona majabali ya graniti yaliyopandana kama yaliyopangwa na majitu, na maziwa ya Singidani na Kindai yakimeta kati yake, akasema moyoni ya kuwa katika nchi ya mawe namna hii hakuna nyumba iwezayo kuzama. Lakini jabali halikuenea kila mahali. Mabondeni mna udongo mweusi wa mbuga, mfinyanzi mzito ambao wakulima wanaujua vema kuliko wajenzi. Mkoa huu hupata msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu. Wakati wa kiangazi udongo huo husinyaa na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Wakati wa masika hunywa maji ukaumuka kama unga uliotiwa hamira. Sakafu iliyolala juu yake ina mwaka wake kama shamba: hushuka na kupanda. Fundi akiitwa mwezi wa Oktoba ataikuta imeshuka. Akiiinua mpaka pimamaji ikasema sawa, atalipwa na kusifiwa. Mwezi wa Machi, udongo ukiisha kushiba, sakafu ile ile itakuwa imetuna kama mgongo wa kobe, na milango itakwaruza chini. Huyo fundi hakuiba saruji wala hakupunguza kokoto. Kazi yake ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa kazi isiyotakiwa.

Natia mkazo hapa kwa sababu watu wakisema fundi mdanganyifu humfikiria yule anayechanganya mchanga mwingi na simenti haba. Udanganyifu wa namna hiyo ni mnyonge, kwa kuwa huonekana mapema. Sakafu humomonyoka chini ya ufagio. Udanganyifu mkubwa zaidi ni kufanya vizuri kabisa jambo ambalo halikustahili kufanywa.

Katika Marekani na Ulaya kuinua sakafu kumekuwa biashara kamili yenye makampuni yake. Tangu miaka ya 1930 Wamarekani wamekuwa wakitoboa matundu katika zege lililoshuka na kusukuma chini yake, kwa pampu, uji wa udongo na saruji mpaka zege likapanda. Baadaye likaja povu la plastiki ambalo hutiwa majimaji likaumuka na kuwa gumu kwa muda mfupi. Wauzaji wa huko huenda mlango kwa mlango, huonyesha picha za kabla na baada, hutaja bei ya kuvunja na kujenga upya ili bei yao ionekane ndogo. Kwetu njia iliyozoeleka ni ya jasho: sakafu huvunjwa kwa nyundo na tindo, kifusi kibovu hutolewa au huongezwa moramu, hushindiliwa, kisha zege jipya humwagwa. Njia hizi mbili zatofautiana kwa gharama na kwa vumbi, lakini zafanana katika jambo moja kubwa. Hakuna hata moja inayoponya chanzo. Kama maji ya paa yanadondoka ukutani bila mchirizi wa kuyachukua, kama karo limechimbwa karibu mno na chumba, kama mchwa wamekula mti uliosahaulika ndani ya kifusi, basi sakafu iliyoinuliwa itashuka tena. Mara nyingi dawa ya kwanza ni mfereji wa hatua ishirini, ambao kijana mwenye jembe aweza kuuchimba kwa siku mbili. Fundi ajuaye hayo, akanyamaza ili auze sakafu nzima, amefanya nini? Ndilo jambo letu.

Mababu wa nchi hii hawakuulizana swali hili, na sababu yake yafaa kutazamwa. Nyumba ya kale ya Wanyaturu, kama ya majirani zao Wagogo, ilikuwa tembe: miti, udongo, na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo vile vile. Sakafu yake ilikuwa ardhi iliyopigwa na kupakwa. Ikibonyea, mama wa nyumba alichota udongo, akaloweka, akakandika, na jioni watoto walilala juu yake. Hakuna aliyemwuzia mwingine asichokiona, kwa sababu hapakuwa na kitu kisichoonwa; mwenye nyumba alikuwa fundi wa nyumba yake, naye aliujua udongo wake kama aujuavyo ugali wake. Sisemi turudi katika tembe. Paa lile lilikuwa zito na lilivuja, na aliyelala ndani yake usiku wa mvua kubwa hataniomba nilisifu. Nasema tu ya kuwa saruji ilipokuja haikuleta ugumu wa sakafu peke yake. Ilileta pia mgawanyo wa maarifa. Mtu amekuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe: anaishi juu ya kitu asichokielewa, na kila ufa humtia hofu kwa sababu hawezi kuusoma.

Na hofu ni shamba lenye rutuba kwa muuzaji. Tunayo methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua, ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, na imewaokoa wengi katika ndoa, katika malezi na katika hesabu za vyama vya ushirika. Lakini sijui methali nyingine iliyowahi kuuza plasta nyingi kama hii. Fundi husimama mlangoni, hutikisa kichwa, huitamka polepole, na mwenye nyumba huiona nyumba yake yote imelala chini. Methali haikusema ya kuwa kila ufa ni sawa. Uko ufa mwembamba kama unywele, uliotokana na zege au plasta kukauka haraka juani. Huo ulizaliwa siku chache baada ya ujenzi, nao hautakua. Uko ufa wa sakafu iliyozama, ambao ni kero na waweza kungoja. Na uko ufa upandao ukutani kwa ngazi, tofali hata tofali, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake. Huo wasema ya kuwa msingi wenyewe unakwenda, na wa namna hiyo haufai kucheleweshwa. Fundi mwema hutofautisha nyufa kama tabibu atofautishavyo homa. Fundi mwuza hofu huziweka zote katika kapu moja.

Ubaya wa hofu umezidi tangu msiba wa Kariakoo, ambako tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka na kuua watu. Msiba ule ulistahili kututisha, nao ulituonyesha gharama ya kazi isiyokaguliwa. Lakini haustahili kutajwa mbele ya mzee ambaye sakafu yake ya chumba cha wageni imeshuka vidole viwili. Ghorofa hubebwa na nguzo, na nguzo ikishindwa watu hufa. Sakafu iliyolala juu ya ardhi haina pa kuangukia. Yaweza kuharibu mwendo wa kiti, yaweza kukwaza mguu wa bibi gizani, yaweza kuaibisha mbele ya wageni wa posa. Haiwezi kumwangukia mtu. Anayemtajia mzee huyo maiti za Kariakoo ili amwuzie mifuko ya saruji ametumia wafu wa watu kama bango la dukani.

Iko pia njia ya aibu, ambayo ni laini kuliko ya hofu na kwa hiyo hupenya zaidi. Fundi hasemi nyumba itaanguka. Husema, "Mama, nyumba nzuri namna hii, na baraza lake linakutia aibu." Nimeisikia sentensi hii, na nimeona jinsi inavyofanya kazi; mwenye nyumba ambaye kwa miaka sita hakuuona ufa wake huanza kuuona kila asubuhi. Huyu hakudanganywa kuhusu udongo. Amepewa haja ambayo hakuwa nayo. Je, ni dhambi? Mimi sifikiri ya kuwa ni dhambi kubwa, maana uzuri nao ni haki ya binadamu, na mwenye fedha zake ana ruhusa kununua sakafu iliyonyooka kama anavyonunua kitambaa cha meza. Kitu ninachotaka ni kwamba uzuri uuzwe kwa jina la uzuri, na usalama uuzwe kwa jina la usalama. Mtu asilipe bei ya kuokoa maisha kwa kazi ya kupendeza macho.

Sasa tuje kwenye kunyamaza, ambako ndiko penye uzito. Fundi aweza asitamke neno lolote la uongo. Aweza kuulizwa, "Fundi, waweza kuinua sakafu hii?" akajibu, "Naweza," na jibu likawa kweli tupu. Hakuulizwa kama itashuka tena. Hakuulizwa juu ya mfereji. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, ya mwaka 1961, iliyofuata mfano wa ile ya India ya 1872, inaligusa jambo hili katika kifungu chake cha 17. Inahesabu kuwa ni hadaa mtu kuficha kwa makusudi jambo analolijua. Lakini inasema pia ya kuwa kunyamaza peke yake si hadaa, isipokuwa pale ambapo hali yenyewe inamwajibisha anyamazaye kusema. Wanasheria watabishana sana juu ya maneno hayo ya mwisho, nao hulipwa kwa kubishana. Kwa mtu wa kawaida yanatosha kuonyesha ya kuwa sheria imeona mlango na kuuacha wazi nusu: iko hali ambayo ndani yake ulimi ulionyamaza hutenda kama ulimi uliosema uongo.

Ubishi huu ni wa kale kuliko sheria zetu. Cicero, Mrumi aliyeandika juu ya wajibu wa mtu katika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater, juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa kutoka Iskandaria. Mfanyabiashara huyo anajua ya kuwa merikebu nyingine nyingi ziko njiani na bei itashuka. Je, awaambie wenye njaa, au anyamaze na kuuza ghali? Kisha anaongeza mfano wa mtu anayeuza nyumba ambayo ni mbovu na yataka kuanguka, na hakuna ajuaye hayo ila yeye. Antipater alisema lazima aseme, maana kumwacha mtu aingie hasarani hali unaona ni sawa na kutomwonyesha njia aliyepotea. Diogenes alisema kunyamaza si kuficha. Kila mtu ana macho yake, na hakuna aliyelazimishwa kununua.

Ni rahisi kumshangilia Antipater na kumzomea mwenzake. Lakini kama msomaji amewahi kuishi na mafundi, atajua ya kuwa Diogenes hakuwa mpumbavu. Maarifa ya fundi hayakuokotwa njiani. Aliyapata kwa miaka ya kubeba zege kichwani, kwa kukosea katika nyumba za watu na kulipa, kwa kulala na maumivu ya mgongo. Leo aitwe, atazame, apige sakafu kwa fimbo, achimbe kidogo kando ya ukuta, kisha aseme, "Mwalimu, huhitaji kazi yangu, chimba mfereji," halafu aondoke mikono mitupu na nauli ya bodaboda ikiwa imetoka mfukoni mwake? Tukimtaka afanye hivyo kila siku twamtaka awe walii, na nchi haiwezi kujengwa kwa kutegemea mawalii. Kosa letu, sisi wenye nyumba, ni kwamba tumekubali kulipa mkono wa fundi na tumekataa kulipa jicho lake. Tunahesabu mifuko, nondo na siku za vibarua. Neno tunaliona ni bure. Kwa hiyo fundi amejifunza kulificha neno lake ndani ya mifuko, kama mama afichavyo dawa chungu ndani ya uji. Anatuuzia saruji tusiyoihitaji ili apate malipo ya maarifa tuliyokataa kuyalipia.

Kwa sababu hiyo nadhani ya kuwa njia iliyo safi ya kuuza kazi hii ni kutenganisha jicho na mkono. Fundi aseme tangu mlangoni: kutazama kwangu kuna ada yake, ndogo, inayojulikana, na utailipa hata nikikuambia hakuna kazi. Akishalipwa kwa kutazama hana sababu ya kulazimisha kazi. Wako watakaocheka na kusema watu wa Singida hawatatoa hata shilingi kwa maneno. Labda wa kwanza hawatatoa. Lakini watu hao hao humlipa tabibu kwa kuwatazama ulimi, na hapo zamani hilo nalo lilionekana ajabu.

Tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu, nje kidogo ya mji, amepokea kiinua mgongo chake, na sakafu ya sebule yake imepasuka kutoka dirishani hata mlangoni. Ni mwezi wa Septemba. Fundi anafika, anaamkia, "Shikamoo, Mwalimu," anaketi, anakunywa maji, anatazama. Mambo ambayo angeweza kumwambia ni mengi, na mengi yangemtoa mzee fedha siku hiyo hiyo, kwa maana kiinua mgongo kikiwa bado kibichi huinua kila kitu isipokuwa mgongo. Badala yake anaomba penseli. Anachora mstari mfupi kukata ufa, mahali pawili. Anapima upana wake kwa rula ya shule, anaandika upana na tarehe pembeni. Anamwomba mzee arudie kupima kila mwezi. Anamwonyesha maji ya paa yanapodondokea, anamwelekeza mfereji upite wapi. "Tutazame masika yafanyeje, Mwalimu. Nikirudi Mei, ufa huu utatuambia wenyewe." Akilipwa ada yake anaondoka.

Fundi huyu amepoteza kazi? Yawezekana. Mwingine aweza kuja wiki ijayo na methali yake ya ufa akaondoka na fedha. Hatari hiyo ni ya kweli, na asemaye ya kuwa uaminifu hulipa sikuzote hajakaa gengeni na mafundi. Lakini tuangalie jambo alilolifanya. Hakumpa mzee nasaha tu. Amemfundisha kuusoma ufa. Amemrudishia sehemu ya maarifa yale ambayo mama wa tembe alikuwa nayo na ambayo saruji ilimnyang'anya. Mwenye nyumba huyo sasa aweza kusema ndiyo na kujua anachokikubali, au akasema siyo bila kuogopa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha ushawishi halali: baada ya kumsikiliza muuzaji, je, mnunuzi ana nguvu zaidi ya kukataa kuliko alivyokuwa nazo kabla, au ana nguvu pungufu?

Kungoja si woga wa watu wa kijijini. Mnara wa Pisa katika Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, ulizidi kuinama kwa karne nyingi. Mabingwa waliopewa kazi ya kuuokoa katika miaka ya 1990 waliupima kwa muda mrefu kabla ya kuugusa kwa uzito, na mwisho hawakuuinua upande ulioshuka. Walichota udongo kidogo kidogo chini ya upande ulio juu, nao mnara ukarudi kadiri ya sentimita 45. Kazi ilimalizika mwaka 2001, nao waliuacha ungali umeinama, kwa sababu walikwisha kukadiria ya kuwa hapo unatosha kusalimika. Kujua pa kukomea ni sehemu ya ufundi, na pia ni sehemu ya bei.

Kuhusu dhamana nitasema machache. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zenye umri wa miaka kama 3,750, zilimlazimisha mjenzi ambaye ukuta wake umelegea auimarishe kwa fedha zake mwenyewe. Sisi tunayo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, lakini sakafu za sebule nyingi hutengenezwa na mafundi wa mtaani ambao hawamo katika daftari lolote. Kwa hao, dhamana ni neno lao tu. Basi neno hilo lilingane na ardhi. Katika Singida ahadi ya miezi mitatu ni ahadi tupu, kwa kuwa udongo haujamaliza hata nusu ya mwaka wake. Fundi aahidi kiangazi kimoja na masika moja, au asiahidi, na aseme wazi ya kuwa haahidi.

Limebaki jambo moja ambalo ni gumu kuliko yote, na ndani yake mwenye nyumba si mwanakondoo. Yeye naye huuza. Siku anapotaka kuhama humwita fundi yule yule, humwonyesha ufa ule ule, na kumwambia, "Fundi, uzibe tu, upake rangi, kuna mtu anakuja kuitazama nyumba Jumamosi." Kazi ni ndogo, malipo ni ya papo kwa papo, na aliyeagiza anajua kila kitu, hakuna kilichofichwa kati yao wawili. Anayefichwa ni wa tatu, ambaye fundi hamjui hata kwa jina. Wengi watasema hilo si la fundi: yeye amepaka rangi, na kupaka rangi si kosa. Mimi siwezi kumwambia akatae, kwa maana akikataa mwingine atapaka kabla ya jua kuchwa, na watoto wake ndio watakaolala na njaa ya uadilifu wake. Lakini aweza kuandika stakabadhi. Aandike kilichofanywa na kisichofanywa: ufa wa sebule umezibwa kwa plasta na kupakwa rangi, sakafu haikuinuliwa, kifusi hakikuguswa, maji ya paa yangali yanadondoka upande wa dirisha. Atie tarehe na sahihi yake, ampe mwenye nyumba nakala moja, na nakala ya pili aiweke katika daftari lake. Kisha mtu wa Jumamosi akija siku moja kumwuliza, fundi alifungue daftari lile mbele yake.